Huduma kwa wanaolala nje wakati wa baridi: tutangulize blanketi au mahubiri?

Mlinzi wa Zamu (mtoa mada)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Na wana jukwaa msio wa imani hii karibuni pia, humu kuna mengi yatakayowafaa.

Baridi ikianza kukaza, maswali huwa ni yale yale. Kikundi cha vijana au idara ya uinjilisti imeguswa, inataka kwenda kwa watu wanaolala nje. Wana mabunda ya nguo, wana vipeperushi, wana spika, wanauliza waanzie wapi. Nimekaa kwenye huduma hii muda wa kutosha kuwa na msimamo, na nautoa mapema ili wenye kupinga mjipange: anayelala kwenye baridi asipewe kitu chochote kwa sharti la kusikiliza mahubiri. Na kanisa linaloonekana kwao wiki ya Krismasi tu, halafu kimya mpaka mwakani, halina huduma. Lina matembezi.

Naanzia Yakobo 2:15-16, andiko ambalo tunalipita mbio. Ndugu hana nguo wala riziki, mtu wa kanisani anamwambia aende kwa amani, "mkaote moto na kushiba", na hampi kitu. Msemaji huyo hana ubaya wowote wa wazi. Ametamka baraka, tena kwa upole. Yakobo anauliza tu, yafaa nini? Halafu angalieni mpangilio: kuota moto kumetajwa kabla ya kushiba. Sisi wengi tunaishia kwenye sahani, tunaondoka tumeacha watu wameshiba na bado wanatetemeka.

Sasa baridi inauaje? Wengi wanadhani ni hewa tu. Hewa ina sehemu yake, hasa kukiwa na upepo, lakini mtu aliyelala anapoteza joto jingi kwa kile alicholalia. Saruji na udongo wenye unyevu hunyonya joto la mwili usiku kucha, na blanketi la juu halizuii hilo. Hata mfuko mzuri wa kulalia, upande wa chini umebanwa na uzito wa mwili, hewa iliyokuwa inakinga imetoka. Kwa hiyo mkiwa na fedha ya kitu kimoja, nunueni cha kutandika: vigodoro vyembamba vya sponji. Mkivikosa, maboksi makavu.

Na kama hamjui kutandika, mkamtazame mzoefu. Kuna mzee tuliyekuwa tunamtembelea ambaye hakuruhusu mtu aguse maboksi yake. Anayakanyaga mpaka yalale bapa, anapanga tabaka moja kwa urefu na jingine kwa upana ili maungio yasikutane, nailoni inakaa chini kabisa upande wa unyevu. Magazeti anayakunjakunja, anayasokomeza kati ya sweta na koti. Viatu vinaingia kwenye mfuko na kulala naye ndani ya blanketi, asubuhi havijaganda na hakuna wa kuviiba. Soksi alizoshinda nazo halali nazo hata siku moja. Anazo nyingine za usiku tu, anashinda nazo kifuani zipate joto.

Hapo kwenye soksi mzee yule alikuwa anajua fizikia bila kufundishwa. Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa. Mguu ulioshinda ndani ya kiatu chenye maji unakufa ganzi, ngozi inanyauka na kuwa nyeupe, kisha vidonda, na wala hauhitaji barafu kufika huko. Nyuzi 10 na mvua ya siku kadhaa zinatosha. Pamba ikilowa imelowa, inakaa na maji yake. Sufu hujitahidi hata ikiwa na unyevu. Kwa hiyo mnapotangaza makusanyo ya nguo ibadani, semeni ukweli: jinzi na mashati hatuhitaji. Soksi za sufu, glavu, kofia za kufunika masikio, makoti yasiyopitisha maji. (Waumini wana tabia ya kupunguza makabati yao kwa jina la Bwana. Msione haya kukataa.)

Saa nazo zinapotosha. Kikundi kinachofunga kazi jioni kimewaona watu wakiwa bado wanatembea. Baridi kali kabisa huja alfajiri, jua linapokaribia kuchomoza. Mkiweza, nendeni usiku mwone nani ana nini, halafu wawili wapite alfajiri waone nani hajaamka.

Huduma hii ni ya zamani, msidhani mmeianzisha. Martin wa Tours alikuwa askari wa Kirumi karne ya 4. Kwenye lango la mji wa Amiens, Ufaransa, alikata joho lake kwa upanga akampa maskini nusu. Mimi napenda kwamba alibaki na nusu nyingine, kwa sababu mtumishi aliyekwenda na kishati anageuka mgonjwa wa timu. Usiku mmoja wa Desemba 1887 William Booth wa Jeshi la Wokovu alipita London Bridge, akaona watu wamelala darajani, akamwagiza mwanawe Bramwell afanye kitu. Mwaka uliofuata walikuwa wamefungua malazi Limehouse, mashariki mwa London. Na tarehe 1 Februari 1954 Paris, padri Abbé Pierre alisikika redioni akieleza kwamba mwanamke amekufa kwa baridi usiku ule kando ya boulevard Sébastopol, ameshika karatasi ya kufukuzwa kwenye nyumba. Watu walimiminika na mablanketi na fedha. Lakini nendeni mpaka mwisho wa habari hiyo: mwaka 1956 Ufaransa ilipata sheria ya kuzuia wapangaji wasitolewe nyumbani miezi ya baridi, na ipo mpaka leo. Mablanketi ya 1954 yalichakaa zamani.

Kamera zibaki mifukoni. Mtu akiwa amelala hapo ndipo chumbani kwake.

Karibuni.

Mzee wa Kwaya

Mtumishi, uzi mzuri na nimejifunza habari ya maboksi. Ila kwenye msimamo wako nakupinga waziwazi.

Tukigawa blanketi bila Neno, tofauti yetu na idara ya ustawi wa jamii ni ipi? Wao wana bajeti kubwa kuliko sadaka zetu. Kitu ambacho hawana ni Injili. Umesema mwenyewe watu hawa wanakufa usiku. Basi mtu akifa usiku ule ule uliompa soksi ukanyamaza, utasema nini? Na Yohana 6 ipo: umati ulimfuata Yesu kwa ajili ya mikate, akawakemea. Hakutaka waishie kwenye mkate.

Nahofia tunatafuta sababu nzuri ya kuona haya kumtaja Kristo.

Nesi wa Usiku

Nitawaachia teolojia. Mimi naongeza ya kwangu, maana nimepokea wagonjwa walioletwa wakiwa wamechelewa.

Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 tayari ni hatari. Mwanzoni mtu anatetemeka sana, na watu wengi hukumbuka dalili hiyo tu. Likikaribia 32 na kwenda chini, kutetemeka kunapungua na kukoma. Sasa ametulia. Ulimi mzito, anapepesuka, anajibu vitu visivyoeleweka, na ninyi mnasema kalewa, tumwache alale. Huyo ndiye anayekufa. Wengine hufikia hatua ya kuvua nguo kwa sababu ubongo umedanganyika unahisi joto. Ukikuta mtu ametupa koti kwenye baridi kali usidhani ni kichaa.

Pigeni simu ya dharura. Mkisubiri, mkingeni na upepo, wekeni kitu kikavu chini yake, vueni zilizolowa, mfunikeni kichwa na kiwiliwili kwanza. Mshikeni taratibu, moyo uliopoa sana unaweza kuvurugika mapigo kwa kutikiswa tu. Msimsugue mikono wala miguu. Kinywaji cha moto chenye sukari ni kwa mwenye fahamu anayemeza vizuri. Pombe hapana: inafungua mishipa ya ngozi, mtu anahisi joto wakati joto lenyewe ndilo linatoka.

Zile blanketi zinazong'aa kama karatasi ya fedha hurudisha joto la mtu, hazitengenezi joto. Aliyelowa akalala sarujini ukamfunga hiyo peke yake hujafika mbali.

Wazee na wenye kisukari wawe juu kwenye orodha yenu. Na wanaotumia dawa za magonjwa ya akili, maana baadhi ya dawa hizo huvuruga uwezo wa mwili kudhibiti joto. Yule "mkorofi" mnayemruka ndiye mngeanza naye.

Nilikuwepo

Nimesita kuandika, ila ngoja.

Mimi nimeokoka mara nyingi kuliko mtu yeyote humu. Kila kikundi kilichokuja na supu kiliniongoza sala ya toba. Tulikuwa tunaambizana nani amekuja leo: hawa ni wa sala fupi, hawa wana nyimbo tatu, wale mchungaji wao hamalizi. Unasimama kwenye foleni, sufuria unaiona, miguu huisikii tena, na mtu mwenye koti zuri anakuuliza ukifa leo utaamkia wapi. Unajibu haraka anachotaka kusikia. Mzee wa Kwaya, kwa heshima zote, hesabu za waliookoka zilizosomwa kanisani kwao ibada iliyofuata sisi ndio tulikuwa ndani yake, wale wale.

Kuna mama mmoja alikuja na kuniuliza navaa viatu namba ngapi. Nilimwambia. Sikumtegemea. Wiki iliyofuata akaja na namba ile ile, akanitafuta mpaka kule nilikohamia. Hakunihubiria. Baadaye nilipotaka mtu wa kuniombea nilijua nani wa kumuuliza, na kwa kweli aliniombea, pale pale, kwa sauti ya kawaida bila kupaza.

Na swali mnalopenda, "kwa nini hawaendi kwenye malazi?" Nilikuwa na mbwa, malazi hayakutaka mbwa. Rafiki yangu alikuwa na mkewe, wangetenganishwa. Wengine waliibiwa humo, au walipigwa. Wengine wana kazi ya usiku, mlango unafungwa mapema. Ukinikuta nimekataa, usiniwekee pepo la ukaidi. Niulize.

Mlinzi wa Zamu

Nilikuwepo, asante kwa kuandika. Sina la kuongeza kwenye hilo la foleni.

Mzee wangu wa Kwaya, Yohana 6 umeigusa vizuri, lakini soma na saa zake. Mlimani aliwakalisha kwenye majani akawalisha wote, hakuuliza nani anaamini. Makemeo ya kufuata mikate ni siku ya pili yake, ng'ambo ya ziwa, watu wakiwa wameshakula na kulala. Hata mimi sijasema tumfiche Kristo. Nasema asiwekwe langoni kama askari wa kukagua tiketi. Anayeuliza kwa nini mmekuja mwambieni bila kupindapinda. Anayetaka kuombewa aombewe. Biblia ziwepo ndani ya begi, ndogo, za kubebeka, kwa anayeomba. Nimeona wanaoomba ni wengi kuliko unavyodhani, ila huomba wakishaona umerudi.

Kuhusu ustawi wa jamii kuwa na bajeti: ipo, na ina mipaka. Uingereza, halmashauri nyingi hufungua malazi ya dharura utabiri ukionyesha sifuri. Jimbo la New York nalo lilitoa agizo la namna hiyo mwaka 2016. Ni jambo jema. Lakini usiku wa nyuzi 4 wenye mvua na upepo unaweza kumuua mtu aliyelowa, na kengele ya sifuri haijalia. Usiku wa namna hiyo ndio wenu.

Nikumbushe pia Roma. Tarehe 31 Januari 1983 mwanamke mzee aliyeitwa Modesta Valenti, aliyekuwa akilala karibu na kituo cha treni cha Termini, aliugua barabarani. Gari la wagonjwa lilikataa kumbeba kwa sababu alikuwa na chawa. Alifia pale. Jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio humkumbuka kwa jina kila mwaka kwa ibada. Na manispaa ya Roma ikatoa jina lake kwa mtaa ambao haupo kwenye ardhi: ni anwani ya kwenye makaratasi, wasio na makazi wanaandikishwa hapo ili wapate vitambulisho na huduma za afya. Kwa hiyo mkiwa na karani mstaafu kanisani asiyeweza kusimama kwenye baridi, mpeni kazi hiyo ya fomu na anwani. Ni uinjilisti kabisa.

Binti wa Sayuni

Umemtaja Abbé Pierre na sitaki lipite. Mwaka 2024 shirika lake mwenyewe la Emmaüs lilitoa hadharani ushuhuda wa wanawake waliomtuhumu kwa unyanyasaji wa kingono. Alikuwa ameshafariki tangu 2007. Nalisema kwa sababu moja: wanawake wanaolala nje wako hatarini, na hatari nyingine huja imevaa vazi la huduma.

Kwa hiyo wekeni taratibu kabla ya kununua hizo soksi. Hakuna anayetoka peke yake, hata mchungaji. Mwanamke awepo kwenye kila timu. Hakuna kumpakia mtu kwenye gari lako binafsi "umsaidie" usiku, hakuna kumkaribisha kwako kimya kimya. Namba ya simu inayotolewa ni ya huduma. Akiwa amejificha mahali, usitangaze wala kuelekeza wengine. Wengi wao wamejificha kwa sababu, na wengine hawalali usiku kabisa, wanatembea mpaka kuche. Ndiyo maana mkihesabu mnaona wanaume tu.

Mlinzi wa Zamu

Umesema sawa, dada, na ilikuwa lazima isemwe. Sheria ya nyumba inabaki kazi njema, na wale wanawake wanabaki na haki ya kusikilizwa.

Shemasi Kijana

Wakuu, sisi tuna ukumbi wa kanisa unakaa mtupu usiku mzima. Kwa nini tusiwafungulie tu? Tuna jiko la mkaa la kupashia moto.

Nesi wa Usiku

Jiko la mkaa ndani ya ukumbi uliofungwa HAPANA. Moshi wake una kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi, watu wanasinzia na hawaamki. Hata mkaa ulioonekana umeiva vizuri. Na wanaowasha moto kwenye mahema, wabebeeni ujumbe huo kila mnapopita.

Mlinzi wa Zamu

Shemasi, wazo zuri, utekelezaji polepole. Angalieni sheria za zimamoto za kwenu, milango ya kutokea iwe inafunguka, wawili wakeshe kwa zamu, wanawake wapate sehemu yao, na choo kiwe ndani. Kanisa moja likijifanya shujaa wa kila usiku, baada ya muda mfupi watu wake wamechoka na mlango umefungwa, tena mwezi mbaya kabisa.

Wenzetu Nashville, Marekani, tangu 1986 makanisa hupokezana chini ya mpango unaoitwa Room In The Inn: kila kanisa lina usiku wake, linapokea kikundi kidogo kinachoweza kukaa mezani na wenyeji. Uingereza nako kuna malazi ya namna hiyo, makanisa saba, kila moja na siku yake ya wiki. Ubaya wake ni kwamba wageni wanahamahama na mizigo kila siku. Uzuri ni kwamba hakuna kanisa linalovunjika mgongo, na madhehebu yasiyosalimiana yanajikuta yanapeana funguo na magodoro.

Wageni wasitolewe nje alfajiri. Nimeeleza hapo juu saa gani baridi ni kali.

Mzee wa Kwaya

Nimesoma mpaka chini. Bado naamini kunyamaza kuna hatari yake na sitabadilika leo. Ila hilo la foleni, kijana, limenichoma, maana sala ndefu huwa ni mimi. Tutabadilisha: watu wale kwanza, wakae, anayetaka ibada abaki, anayetaka kwenda aende na blanketi lake bila kuangaliwa vibaya.

Nilikuwepo

Hiyo inatosha kabisa, mzee wangu. Na nyimbo mwimbe, nyimbo tulikuwa tunazipenda. Wakati tunakula.

Mgeni Jukwaani

Shikamooni wakubwa. Sisi ni kikundi kidogo cha maombi, hatuna ukumbi wala fedha ya maana. Tuanzie wapi?

Mlinzi wa Zamu

Marahaba. Mko wa kutosha. Kwanza wapateni wanaofanya tayari eneo lenu, wawe wa dini au serikali, mjue usiku gani hauna mtu, mchukue huo. Mtaa mmoja, siku moja ya wiki, msipanue mpaka msimu uishe. Mara ya kwanza nendeni na chupa za chai na soksi, mkaulize majina na namba za viatu, mwandike. Muwe na simu yenye chaji na namba za dharura na za malazi, na mjue malazi yapi yanapokea mbwa. Mara ya pili mrudi na vile vilivyoandikwa. Ambaye hamkupata namba yake, mfuateni mumwambie hamjaipata.